Jedwali la Majina Ishirini na Moja

Barua ilimkuta Mu Qiaolin ndani ya tramu, Jumatatu saa tatu asubuhi, mkono mmoja umeshika bomba la juu na mwingine umeshika simu. Mara ya kwanza aliisoma haraka, mara ya pili polepole, na alipomaliza mara ya tatu alikuwa amepitiliza kituo chake vituo viwili. Ofisi ya nidhamu ya chuo ilimtaka afike Ijumaa saa nne kamili, aje na kompyuta yake, ajibu tuhuma kwamba amekuwa akirekodi darasa kwa siri na kukusanya maoni ya wanafunzi wenzake, "kwa uwezekano wa kuyapeleka kwa chombo cha serikali ya nje". Chini kabisa, kwa herufi ndogo, barua ilisema kwamba tuhuma ikithibitika anaweza kufukuzwa. Kuhusu viza haikusema kitu, wala haikuwa na haja. Kila mwanafunzi wa kigeni pale Adelaide, Australia, anajua kuwa chuo kikikutoa, viza nayo inakatika, na zinabaki siku za kufunga mabegi tu.

Alishuka akasimama kwenye manyunyu ya Septemba bila kufungua mwavuli.

Kwa siri? Simu yake hukaa juu ya meza, kioo kimetazama juu, mstari wa sauti ukipanda na kushuka mbele ya macho ya yeyote mwenye macho. Alianza kurekodi wiki ya kwanza, baada ya kumsikiliza Dakta Hargreave saa mbili nzima kwenye somo la Mito na Serikali na kutoka na maneno sita kwenye daftari. Kiingereza alichofundishwa kwao Tianshui, China, kilikuwa cha kitabuni, kinatembea hatua kwa hatua. Cha Hargreave kilikimbia, kilicheka katikati ya sentensi, kilimeza miisho ya maneno. Darasani walikuwa ishirini na mmoja. Kumi na wawili walitoka China bara, na wote kumi na wawili walitoka na maneno sita.

Basi Qiaolin akafanya alichokuwa akifanya tangu darasa la tatu. Kwao kila darasa lina viongozi wake, wa usafi, wa michezo, wa nyimbo, na wa masomo, na yeye miaka yote ya shule alikuwa mjumbe wa masomo: yule anayekusanya madaftari, anayejua nani hajaelewa na nani ananakili. Adelaide hakuna aliyemteua. Alijiteua. Akazikata zile saa mbili vipande kumi na viwili, kila mtu dakika kumi na namba yake. Namba moja anasikiliza dakika ya kwanza hadi ya kumi, anaandika kila neno, anatuma kwenye kundi lao la simu kabla ya Jumapili. Namba mbili anaendelea hapo. Qiaolin anaunganisha. Hivyo ndivyo walivyovuka mitihani yote ya maisha yao, na haikumpitia kichwani hata siku moja kwamba kuna mtu angeona ubaya.

Wiki ya nne Hargreave akatangaza kwamba mtihani wa mwisho utamtaka kila mmoja achague hoja tatu zilizotolewa na wenzake darasani na kuzijibu. Hapo ndipo jedwali lilipozaliwa. Safu ya kwanza ilikuwa na majina yote ishirini na moja. Ya pili, wiki na dakika. Ya tatu, mtu alisema nini. Aliliandika kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Na Ijumaa iliyopita kule maktaba, kijana mmoja wa darasani aitwaye Tobias alipita nyuma ya kiti chake akaona, katikati ya kioo, mstari huu: *Yip Lok-yiu. Wiki ya 5, dakika ya 41. Maji ya Hong Kong yanatoka mto wa bara. Bomba ni kamba shingoni. Watu wana hofu. Muhimu.*

Tobias hakumuuliza kitu. Alikwenda kumwambia Lok-yiu, naye akalalamika ofisi ya nidhamu.

Tuseme kweli. Mtu akikutana na jedwali lile bila kujua lilikotoka, ana haki ya kushtuka. Na Yip Lok-yiu alikuwa na haki zaidi ya wote. Alikuwa msichana wa Hong Kong mwenye nywele fupi na sauti isiyotetemeka, aliyekuwa na rafiki mmoja jela tangu maandamano ya kule na mwingine asiyejulikana alipo, na mwaka mzima alikuwa hajapiga picha yoyote inayoonyesha uso wake. Kuogopa alikuwa na sababu. Kisichokuwa na sababu ni ile hesabu ya kivivu ambayo watu wengi pale chuoni, wenye shahada zao, waliipiga bila hata kukuna kichwa: mtu katoka China, mtu kaandika majina, basi mtu katumwa.

*

"Shoga, umekuwa jasusi na hukuniambia?" alisema Nong Manting alipomaliza kuisoma barua. Manting alikuwa msichana wa Guangxi, namba saba kwenye kundi, na waliishi pamoja kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko kuu. Alikuwa anakaanga mayai na nyanya. "Ungeniambia tugawane mshahara."

"Manting, sicheki."

"Mimi nacheka kwa sababu nikiacha nitalia. Jasusi gani anaandika kwa Kiingereza ili mwenye nyumba asome? Hata mama yangu akificha pipi anaficha vizuri kuliko wewe."

"Njoo Ijumaa uwaambie hivyo hivyo. Njoo useme kwamba ni la kusomea, kwamba dakika ya sitini na moja hadi ya sabini huwa unaandika wewe."

Manting alizima jiko. Mayai yalikuwa hayajaiva.

"Umeangalia kundi leo?"

Qiaolin aliangalia. Asubuhi walikuwa kumi na wawili. Sasa walikuwa saba.

"Habari zimeshafika," Manting alisema. "Sikiliza, dada. Mama yangu ni mwalimu wa serikali. Nikija Ijumaa, jina langu linaingia kwenye faili lenye maneno 'serikali ya nje', na faili halifi. Nikiomba kazi hapa, lipo. Halafu nyumbani nako, mtu akisikia Nong Manting alikwenda kwenye ofisi ya wageni kutoa maelezo kuhusu serikali, unadhani atasema nini? Atasema, alitoa maelezo gani? Huku nitaonekana nimetumwa na kule nitaonekana nimesaliti. Nikae wapi mimi? Juu ya mti?"

"Kwa hiyo nikae mimi peke yangu."

"Sikusema hivyo."

"Umesemaje?"

Manting aliwasha jiko tena, akayapindua mayai ambayo hayakuhitaji kupinduliwa. Kufika Jumanne jioni kundi lilikuwa limebaki na watu watatu, na wa tatu alikuwa kijana wa Shandong ambaye simu yake ilikuwa kwa fundi.

*

Jumatano alitafutwa na Pang Zhiyuan, mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi Wachina. Kwenye magazeti ya pale, mwenyekiti wa umoja kama ule huandikwa kama mtu wa kuvuta nyuzi kwenye giza. Pang alikuwa anasomea uhasibu mwaka wa tatu, amefeli takwimu mara mbili, na nyuzi pekee alizovuta mwaka ule zilikuwa za neti ya badminton. Walikutana kwenye duka la chai ya maziwa karibu na soko.

"Mdogo wangu, nimesikia," alisema. "Usihangaike, kaka yako nipo. Kwenye ubalozi mdogo kuna mtu wa elimu, tulimwomba pesa za sherehe ya mwaka mpya akatupa taa za karatasi. Namba yake ninayo. Nitamwambia waandike barua kwa chuo, wapinge. Barua rasmi! Yenye nembo!"

Qiaolin alisukuma kikombe chake pembeni.

"Kaka Pang. Wananituhumu nafanya kazi ya serikali."

"Ndiyo."

"Na wewe unataka serikali iwaandikie kuwaambia kwamba hapana."

"Sasa nani mwingine anaweza kusema kwa uhakika?"

Alisema kwa dhati, na hilo ndilo lililomchosha Qiaolin. "Usimpigie mtu yeyote," alisema. "Nakuomba. Hata ujumbe usitume."

"Unaionea aibu nchi yako?"

"Naionea aibu akili yako, kaka."

Pang aliinuka na kikombe chake, masikio mekundu. Mlangoni aligeuka akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilitaka kusaidia tu. Mnafikiri ni rahisi? Wazungu wananiona mkubwa wa majasusi, ubalozini hawapokei hata simu zangu." Akatoka. Qiaolin alijua kwamba amemuumiza mtu asiye na hatia, na hakuwa na nafasi moyoni ya kumkimbilia.

*

Kosa lenyewe alilifanya siku ile ile mchana, kwa mapenzi na kwa uchovu. Alimpigia baba yake.

Mu Dezhong alikuwa fundi wa pampu za maji kwenye barabara ya kutokea Tianshui. Alipokea simu akiwa amelala chini ya kitu, sauti yake ikigonga bati. Qiaolin hakutaka kumtisha. Hakusema jasusi, hakusema viza. Alisema tu kwamba kuna malalamiko madogo chuoni, wenye ofisi wanataka kujua yeye ni mtu wa namna gani, na kwamba ofisi inaitwa hivi na ipo hapa.

"Wanataka kujua wewe ni mtu wa namna gani?" Baba aliuliza. "Hilo tu?"

"Hilo tu, Baba."

"Basi kula vizuri. Umekonda, nakusikia kwenye sauti."

Alipaswa kujua. Kwao Qiaolin, swali la mtu ni wa namna gani halijibiwi kwa mdomo. Linajibiwa kwa mhuri. Ukitaka kazi ya benki, ukitaka kuingia jeshini, wakati mwingine hata ukitaka kuwa mlezi wa watoto wa watu, unakwenda kwa kamati ya mtaa wanakuandikia kuwa huna doa, wanagonga mhuri mwekundu, na karatasi inakusemea. Mu Dezhong alinawa mikono grisi, akavaa koti lake la harusi, akakaa foleni siku nzima.

Alhamisi jioni Qiaolin alipokea picha. Karatasi moja, mihuri mitatu: kamati ya mtaa, kituo cha polisi, na shule yake ya sekondari. Ilisema Ndugu Mu Qiaolin ana msimamo safi wa kisiasa, anaipenda nchi, anaunga mkono uongozi wa Chama, na hajawahi kushiriki katika jambo lolote ovu. Chini ya picha baba aliandika: *Wa kituo cha polisi alikuwa anakwenda kula, nikamsubiri. Binamu yako wa duka la fotokopi ameitia Kiingereza kwa mashine. Nimeshawatumia huko ofisini kwa barua pepe. Usiogope sasa.*

Qiaolin aliketi kwenye ngazi za maktaba. Watu walimpita kushoto na kulia. Aliwaza kumpigia baba, akaona atasema nini? Aliwaza kuiandikia ofisi waifute barua ile bila kuisoma, akacheka peke yake, kwani ni nani mwenye hatia asiyeomba hivyo?

*

Ijumaa saa nne kamili alikuwa chumbani kwa Bi. Delaney, mkuu wa ofisi ya nidhamu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na sura ya mtu aliyelala vibaya. Dakta Hargreave alikaa pembeni, ameitwa kama mwalimu wa somo. Upande wa pili wa meza alikaa Yip Lok-yiu, koti limefungwa mpaka kidevuni. Alikuwa na haki ya kutokuja. Alikuja.

Waliongea Kiingereza wote. Lok-yiu hakutaka kuongea Kimandarini, na Qiaolin hakujua Kikantoni.

Bi. Delaney alianza na karatasi. "Hii ilifika jana," alisema, akaisukuma katikati ya meza kwa ncha ya kidole. "Tafsiri yake ni mbovu. Lakini hii mihuri ni ya serikali, sivyo?"

"Ndiyo."

"Ulipojibu barua yetu uliandika kwamba huna uhusiano na chombo chochote cha serikali."

"Sina. Baba yangu ndiye aliyeiomba. Nilimwambia mnataka kujua mimi ni mtu wa namna gani."

"Inasema nini hasa? Utafsiri mwenyewe."

Hapo palikuwa na mlango wazi. Hakuna aliyejua Kichina mle ndani isipokuwa yeye na Lok-yiu, na Lok-yiu alikuwa amegeuza uso dirishani, karatasi imelala juu chini upande wake. Angeweza kusema "tabia njema". Angeweza kusema "raia mwema". Qiaolin aliivuta karatasi, akaisoma neno kwa neno, pamoja na Chama, pamoja na msimamo safi. Lok-yiu aligeuka kutoka dirishani.

"Unaunga mkono?" Bi. Delaney aliuliza.

"Hayo ni maneno ya fomu. Mlevi wa mtaani kwetu akiomba kazi ya ulinzi, anaandikiwa hayo hayo. Kama mnataka kujua mimi naunga mkono nini, niulizeni mimi, msiiulize fomu."

Hargreave alikohoa. Bi. Delaney akahamia kwenye jedwali, ambalo sasa lilikuwa wazi kwenye kompyuta. "Unasema ni la kusomea. Na kwamba kuna wengine mnaolitengeneza pamoja. Nitajie majina yao, niwaite, suala linaisha leo."

Qiaolin aliitazama kompyuta. Majina kumi na moja alikuwa nayo kwa kichwa, kwa namba zake, kwa dakika zake. Namba saba, Nong Manting.

"Hapana," alisema.

"Sijakuelewa."

"Sitayataja."

"Hao ndio mashahidi wako. Bila wao ni neno lako tu. Unaelewa kitakachofuata?"

"Naelewa. Lakini mmeniita hapa kwa sababu niliandika majina ya watu na walichosema. Sasa mnataka niwape majina ya watu na walichofanya." Sauti yake ilipanda bila yeye kuiruhusu. "Nikiwa jasusi ni kosa. Nikiwa jasusi wenu ni ushahidi?"

Kule nje mtu alikuwa anavuta kigari cha vitabu, magurudumu yakilia.

"Naomba nilione," Lok-yiu alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Jedwali. Lote. Siyo mstari wangu tu."

Bi. Delaney alimgeuzia kompyuta. Lok-yiu alisoma kutoka juu, bila haraka, kidole chake kikishuka. Alipita jina la Tobias, ambalo lilikuwa na mistari minne na neno *muhimu* mara mbili. Alipita lake. Alipofika chini kidogo akasimama.

"Hapa," alisema. "Mu Qiaolin. Wiki ya kwanza, hakusema. Ya pili, hakusema. Mpaka ya tisa." Akainua macho. "Umejiandika na wewe?"

"Niliandika kila mtu."

"Kwa nini hujawahi kusema kitu? Unafikiri sijaona? Unasoma kuliko wote. Mimi nilidhani umeambiwa unyamaze."

"Hakuna aliyeniambia." Qiaolin alitafuta maneno. "Wewe ukiingia darasani unaniogopa mimi. Unaogopa nitasema ulichosema. Sawa?"

Lok-yiu aliondoa kidole kwenye kioo.

"Mimi nikiingia nawaogopa kumi na moja. Siyo kwamba ni wabaya. Ni rafiki zangu. Wala sidhani yupo hata mmoja anayepeleka maneno. Lakini sijui. Na wao hawajui kama mimi napeleka. Hakuna bosi anayetupigia simu, Lok-yiu. Ingekuwa rahisi kama angekuwepo, ningekata simu."

Dakta Hargreave alivua miwani. "Ngoja," alisema. "Hili jedwali ni la hoja za wanafunzi? Mimi ndiye niliyewaambia wiki ya nne kwamba mtihani utahusu hoja za wenzao. Wengine hawakuandika kitu, watalia mwezi wa kumi na moja." Alimgeukia Bi. Delaney, uso umeanza kuwa mwekundu. "Hukuniuliza. Uliniandikia kwamba kuna suala la usalama, nikae nisikilize. Hukuniuliza swali moja tu, kwamba je, uliwapa kazi inayofanana na hii?"

Bi. Delaney aliandika kitu. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema watapewa jibu kwa maandishi.

Kwenye korido Lok-yiu alimfikia Qiaolin hatua mbili kabla ya lifti. "Sitaomba radhi," alisema. "Niliogopa, na bado naogopa."

"Sijakuomba."

"Ile karatasi. Ungeweza kudanganya. Mimi nisingesema."

"Kwa nini usingesema?"

"Sijui," Lok-yiu alisema, akashuka kwa ngazi.

*

Wikiendi ile Qiaolin alimpigia baba akamweleza yote, kwa sababu alikuwa amechoka kupunguza maneno. Mu Dezhong alisikiliza bila kugonga bati. Alipomaliza, mzee aliuliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo mimi ndiye nimekuharibia."

"Hapana, Baba. Ila huku mhuri mwekundu unawatisha."

"Mihuri mitatu inawatisha?"

"Mitatu inawatisha mara tatu."

"Sasa wao wanamwaminije mtu?"

"Hata mimi sijui, Baba. Nadhani na wao hawajui."

Jibu lilikuja Jumatano: hakuna ushahidi wa uhusiano na chombo chochote cha nje, suala limefungwa. Onyo la maandishi kwa kurekodi bila idhini. Kuanzia sasa anaweza kurekodi darasa la Mito na Serikali iwapo kila aliyemo atakubali. Qiaolin alisoma mpaka neno *limefungwa*, akakaa chini sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji. Manting alikuja akakaa kando yake, bega kwa bega. Manting ndiye aliyekuwa amebaki kwenye kundi mpaka mwisho, yeye na kijana wa Shandong, lakini Ijumaa hakuja, na wote wawili walijua kuwa jambo hilo litaishi nao mle ndani mpaka mkataba wa nyumba uishe.

Alhamisi Hargreave alisimama mbele ya darasa, mikono mfukoni. "Mnajua yaliyotokea, msijifanye hamjui. Chuo kinasema tuombe idhini. Anayekubali Mu Qiaolin arekodi, anyooshe mkono."

Mikono ilipanda. Ya Wachina ilipanda polepole, kila mmoja akiangalia wa mwenzake kwanza. Tobias alinyoosha mkono akitazama meza. Mmoja tu haukupanda.

"Lok-yiu?" Hargreave aliuliza.

"Arekodi," Lok-yiu alisema. "Nikiongea mimi, azime."

"Sawa," alisema Qiaolin.

Ikawa hivyo. Simu juu ya meza, mstari unapanda na kushuka. Lok-yiu akifungua mdomo, kidole cha Qiaolin kinagusa kioo, mstari unalala. Akimaliza, unaamka. Mara mbili, mara tatu, mpaka darasa likazoea, na hata Hargreave akawa anasubiri nusu sekunde kabla ya kumjibu.

Wiki ile mada ilikuwa visima vya serikali kwenye nchi kavu: nani anachimbiwa, nani anahesabiwa kuwa amenufaika. Hargreave alionyesha takwimu za nchi tano, China ikiwemo, nzuri ajabu. "Kuna mwenye la kusema?" Redieta ya kupasha chumba joto ilikuwa inatoa mlio wa maji ya moto.

Qiaolin alinyoosha mkono.

Hargreave alitazama kwanza walioketi nyuma ya Qiaolin, kisha akaelewa kuwa ni yeye. "Ndiyo, Qiaolin."

Alisimama, jambo ambalo hakuna anayelifanya pale, ila kwao mtu husimama. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akainama, akagusa kioo cha simu yake mwenyewe, na mstari ukalala.

Kila mtu aliona. Manting alitazama mikono yake. Kijana wa Shandong aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

"Bibi yangu alihamishwa kutoka kijiji cha mlimani," Qiaolin alisema, "kwa sababu ya maji. Walipohamia, kisima kilichimbwa, na maji yakatoka ya chumvi, mbuzi hawakunywa. Siku ya kuzindua lilikuja lori la maji kutoka mjini, wakayamimina ndani ya kisima, wakapiga picha watu wakinywa. Bibi yangu yumo kwenye ile picha. Anacheka. Kwenye hesabu hiyo hapo ukutani, yeye amenufaika."

Upande wa pili wa meza Lok-yiu alikuwa ameshaweka ncha ya kalamu kwenye daftari. Aliitazama simu iliyolala, akamtazama Qiaolin, akaiweka kalamu chini.

Qiaolin akaendelea, kwa Kiingereza chake cha hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa kisa cha kisima.